Anneth wa Aminieli

Mimi ni mtu wa kushuku. Sikatai, wala sioni haya. Nikinunua mchele nachovya mkono mpaka chini ya debe. Nikisalimiwa kwa uchangamfu uliozidi najiuliza mtu huyu anataka kuazima nini. Kazi yangu yenyewe ndiyo iliyonifundisha. Miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika duka dogo karibu na soko kuu la Arusha, na kutwa nzima watu walinisimamia mgongoni wakinitajia ya moyoni mwao: barua za kuomba kazi, za kugombea mirathi, za kumkana mtoto. Ukizichapa barua za watu miaka kumi na miwili, huwezi tena kumwamini mtu kwa sura.

Kwa hiyo nikisema kwamba Aminieli Sumari nilimshuku kwa mengi, na yote niliyomshuku hayakuwa yenyewe, mjue nakiri jambo zito.

Aminieli alikuwa Mmeru wa Akheri, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kufuta mikono kwenye suruali hata kama mikono haijachafuka. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo cha serikali. Mwaka tisini na tatu kiwanda kikapunguza wafanyakazi, na Aminieli akapunguzwa pamoja na wenzake mia mbili, akatoka getini na spana zake na karatasi ya kumsifu kwamba alikuwa mtu mwema. Mitumba ndiyo iliyokiua kile kiwanda. Lakini mitumba hiyohiyo ilikuja mikubwa, mipana, imeshonwa kwa ajili ya Wazungu wanene, na kila aliyenunua alitaka kupunguziwa. Vyerehani vilivyokuwa vimelala uvunguni vikatolewa vumbi. Aminieli akakaa kwenye baraza ya duka la Shabbir, akawa fundi wa kutengeneza vyerehani.

Shabbir aliuza vipuri vya vyerehani, nyuzi na vifungo. Alikuwa Muhindi wa kuzaliwa Arusha, anakaa Themi na mama yake, na ugonjwa wake ulikuwa hadithi. Magazeti ya watu binafsi yalikuwa yameanza kumiminika, kila moja na ukurasa wake wa hadithi, na Shabbir aliyanunua yote ili apate kuyakasirikia.

"Wanawake wao wote ni mmoja," alikuwa akisema. "Ana macho, ana kiuno, analia. Mwanamke gani anakaa siku nzima anakuwa na macho tu?"

Siku moja mwaka tisini na tano nilipopita kununua uzi, akatuambia mimi na Aminieli: basi tuandike wenyewe. Kila mtu awe mtu mmoja asiyefanana naye, na hao watu waandikiane barua. Mimi nilicheka, kisha nikakaa. Tulichagua kwa vifungo ndani ya kopo. Aminieli akatoa kifungo cheupe, akawa Anneth, mke wa mtu, mkaaji wa kijiji kimoja chini ya Mlima Meru. Mimi nikatoa cheusi, nikawa Aristides, dereva wa lori la masafa aliyewahi kumpenda Anneth kabla hajaolewa. Shabbir akabaki kuwa mama mkwe wa Anneth, na niseme ukweli, sijawahi kusoma mama mkwe mkali kama yule.

Masharti yalikuwa matatu. Kila mtu na mtu wake, hakuna kumsemea wa mwenzako. Kila mtu na mwandiko wake, usiwe ule wako wa kila siku. Na barua iwe na stempu, ipite posta, iingie kwenye sanduku la Shabbir. "Barua isiyopita posta ni karatasi," alisema.

Anneth wa kwanza alikuwa kichekesho. Katika barua tano alizimia mara tatu. Kila barua alijitazama kwenye kioo na kutusimulia alichokiona. Alijiita "mimi mwanamke dhaifu". Nilimwandikia, kama Aristides, kwamba barabara ya Singida ni mbovu na kwamba mtu anayezimia hivyo apelekwe hospitali.

Shabbir alimweleza waziwazi. "Aminieli, huyu si mwanamke. Huyu ni kalenda ya ukutani."

Wala mimi sikuwa bora. Aristides wangu alitema mate, akapiga meza, akalewa, akatema tena. Shabbir aliniuliza, "Dada Anande, huyu mwanaume wako hana hata rafiki mmoja? Hana kitu anachokiogopa?" Nilinuna siku mbili. Kisha nikaanza kuwasikiliza madereva waliokuja kuchapisha barua zao za madai, nikagundua kwamba mmoja wao, baunsa kabisa, huimba nyimbo za kipaimara akiteremka mlima mrefu kwa sababu hana imani na breki. Nikampa Aristides nyimbo zile. Kuanzia hapo akanitii.

Kwa Aminieli, Shabbir alisema neno moja tu. "Acha kuuliza anafananaje. Uliza anaficha nini."

Aminieli alifuta mikono kwenye suruali, akarudi kwenye cherehani chake.

Baada ya mwezi ikaja barua. Nilikaa nayo dukani, mashine ikiwa kimya. Anneth hakujitazama kwenye kioo. Alisema kwamba kipande cha sabuni ya kuogea amekifunga kwenye nailoni, amekizika chini ya unga katika pipa, kwa sababu wifi yake akija huondoka nacho, na mume akiambiwa husema sabuni ni kitu gani. Alisema kwamba mume wake akisifia chakula yeye huchungulia sebuleni kwanza aone kuna mgeni gani. Alisema kwamba pale bombani huwapisha wenzake watangulie, nao humsifu kwa roho nzuri, kumbe anawapisha kwa sababu pale juu ya ndoo iliyopinduliwa ndipo mahali pekee anapokaa bila mtu kumwomba kitu.

Mama yangu mzazi alificha sabuni kwenye unga. Sijawahi kumwambia mwanaume yeyote jambo hilo, na sikudhani kuna mwanaume anayelijua.

Basi nikashuku. Nilishuku kwamba barua zile haandiki Aminieli, anaandikiwa na mwanamke, na mwanamke mwenyewe si mkewe. Mkewe nilimjua vizuri. Simaloi, mama Princess, Mwarusha wa Kisongo, tulikaa naye mtaa mmoja Moshono na tulisali usharika mmoja. Ndiye aliyekuwa katibu wa umoja wa wanawake, na kila Jumapili tulikaa benchi moja. Mwanamke mchangamfu, mwepesi wa kucheka, ambaye hata akiungua halalamiki. Mwanamke wa zile barua alikuwa na uchungu. Hawakuwa wamoja, hilo niliona wazi, au nilidhani naona.

Nikaanza upelelezi. Wakati wa chakula cha mchana nilipita barazani kwa Shabbir mara mbili tatu, nikihesabu ni fundi gani wa kike anayekaa sana na Aminieli. Kulikuwa na mmoja wa Ngarenaro mwenye cherehani kisichopona. Nilimfuata mpaka nikajua anakonunua nyama, nikakuta ni kweli, cherehani chake ndicho kibovu. Mwandiko wa barua nao ulinisumbua, umelalia kushoto, herufi zake zina mikia mirefu. Nilihisi nimewahi kuuona mahali. Nikachungulia madaftari ya vipimo ya mafundi wote wa barabara ile, wakaniona mwendawazimu.

Nikamtegea. Niliandika kama Aristides: niambie, Anneth, ulipokuwa na mimba ulijisikiaje? Nilijua mwanaume atajikwaa hapo. Anneth akajibu mstari mmoja. "Kwa nini unaniuliza mimi? Mkeo hakuwahi kukwambia, au hukuwahi kumwuliza?"

Nilikasirika sana, na nilimpenda sana. Miaka miwili tuliandikiana, barua kumi na tisa kutoka kwake, na mimi nikazijibu zote. Aristides akawa msikivu, mpole. Alimwuliza Anneth habari za mkono wake, za usingizi wake, kama amekula. Sikuwahi kuandika kitu kwa moyo kama nilivyoandika zile. Na muda wote nilimwangalia Aminieli kwa jicho la pembeni, nikisubiri siku nitakayomnasa.

Siku yenyewe ilikuja, lakini aliyenaswa hakuwa yeye.

Mwaka tisini na saba Shabbir alikwenda Mombasa kwenye harusi ya dada yake, akasahau kuacha ufunguo wa sanduku la posta. Mchezo ungesimama mwezi mzima. Aminieli akaona ujanja: sanduku la usharika. Sote waumini tulipokea barua zetu huko. Mhudumu wa ofisi alizitandaza kwenye benchi la mlangoni, kila mtu akajichukulia ya kwake au ya jirani yake. Aminieli aliandika juu ya bahasha, kwa mwandiko wa Anneth, "Bw. Aristides", akijua nitaiona na kuibeba. Alichosahau ni kwamba jina lisilojulikana haliwekwi kwenye benchi. Linasomwa kwenye matangazo.

Jumapili ile, baada ya kutangazwa mnada wa sadaka, mayai trei mbili, mikungu minne ya ndizi na jogoo, mzee wa kanisa Efraimu alinyanyua bahasha.

"Bwana Aristides. Yupo Bwana Aristides?"

Kanisa lote liligeuka. Aristides ni jina la Wakatoliki wa Kilimanjaro, na sisi tulikuwa Walutheri watupu. Mimi nilikaa. Ningesimama, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa asiye na mume, nikaseme nini? Nikajiambia nitamfuata ofisini kimyakimya baada ya ibada. Nilipofika, Mzee Efraimu alikuwa ameshaitia mfukoni.

Mzee Efraimu naye ni mtu wa kushuku, na sijui kwa nini tabia hii naiona mbaya kwa wengine tu. Siku ya tatu aliifungua, ati apate kumjua mwenyewe airudishe. Ndani hakukuta jina la mwandishi. Anneth alikuwa mwerevu, alijua barua hufunguliwa, alimaliza na "wako unayemjua". Lakini ilianza na "Aristides mpendwa", na ilikuwa ni barua ya mke wa mtu, na huyo mke wa mtu alirudia habari za sabuni yake ndani ya unga na za kukaa kwake bombani, akasema "hapa kwetu usharikani".

Efraimu aliwaambia wazee wenzake, wazee wakawaambia wake zao. Kufika Ijumaa Moshono nzima inajua. Nilikaa mtaa ule miaka kumi na sita, sijawahi kuuona namna ile. Wanaume walianza kurudi nyumbani saa tisa mchana. Wanaume ambao hawakuwahi kuingia jikoni walichovya mikono kwenye mapipa ya unga, na cha ajabu ni kwamba watatu, kwa ninaowajua mimi, walikuta sabuni. Bombani ukimya. Kila mwanamke alijua kwamba barua si yake, na kila mwanamke akahofu kwamba ingeweza kuwa yake. Tulitazamana mikono.

Mikono, kwa sababu ya mstari mmoja. Anneth alikuwa ameandika kwamba siku moja mafuta ya moto yalimmwagikia kiwiko cha mkono wa kushoto, na mume wake alipoingia jikoni aliuliza, "Yamemwagika yote?"

Mke wa Mzee Efraimu ndiye aliyekumbuka ni nani mwenye kovu kiwikoni. Wakaenda kuchukua daftari la umoja wa wanawake, wakaliweka kando ya barua. Mwandiko umelalia kushoto, herufi zina mikia mirefu. Ulikuwa mmoja.

Jumatano iliyofuata Simaloi aliitwa. Alikana. Wakamwambia anazidisha dhambi kwa uongo. Ikaamuliwa kwamba Jumapili, baada ya ibada, asimame mbele ya baraza la wazee; akikiri atazuiwa Meza ya Bwana, asipokiri atatengwa kabisa, na kaka zake wa Kisongo wakatumiwa salamu waje wamchukue.

Nilimkimbilia Aminieli barazani. Alikuwa ameshika sindano ya cherehani, hafanyi nayo kitu.

"Baba Princess, umeshawaambia?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Niwaambie nini, dada Anande? Kwamba mimi, mwanaume mzima, naandika 'mpendwa' kwa mwanaume mwenzangu? Kwa mwandiko wa mke wangu?" Akanitazama. "Na wakiuliza huyo Aristides ni nani?"

Hapo nikageuka kurudi dukani kwangu. Maana akisema, jibu ni mimi. Dhana ya Efraimu ilikuwa mbaya, lakini ukweli wetu ulinuka zaidi: fundi mwenye mke, na mpiga chapa asiye na mume, miaka miwili wanaandikiana mapenzi chini ya majina ya bandia. Nani angeamini kwamba ni mchezo? Mimi mwenyewe nisingeamini. Mtu angeniletea hadithi hiyo mezani kuichapa, ningecheka moyoni.

Nilinyamaza Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Nazitaja moja moja kwa sababu Simaloi aliziishi moja moja. Bombani walimpisha atangulie ili aondoke upesi. Princess, binti yake wa miaka kumi na moja, aliambiwa na wenzake shuleni maneno ambayo siwezi kuyaandika. Na mume wake alikula chakula chake, akalala, akaamka, akaenda kazini.

Ijumaa Shabbir alirudi kutoka Mombasa. Nilimsimulia. Hajawahi kunitazama vile.

"Mnamwacha mtu wa kweli aumie ili kumficha mtu wa karatasi?"

Jumapili, baada ya mnada, wazee watano walikaa ofisini kwa usharika. Simaloi aliwekwa benchi la peke yake, kitenge kimefunika mikono. Aminieli alisimama ukutani. Nje kaka wawili wa Simaloi waliegemea gari lao. Mimi niliingia bila kuitwa, wakanishangaa, nikakaa.

Mzee Efraimu alimpa Simaloi barua. "Isome, mama, kisha useme si yako."

Alikuwa hajaiona mpaka wakati ule. Alisoma polepole, midomo inacheza. Alipofika katikati, kitenge kilianguka, asikiokote. Alisoma mpaka mwisho, akarudia mwanzo. Nilitegemea akane kwa nguvu kama alivyokana Jumatano, lakini alikaa na ile karatasi magotini kama mtu aliyepewa picha yake asiyojua ilipigwa lini.

"Mnaona," alisema Mzee Efraimu kwa wenzake. "Kanyamaza."

Nilisimama.

"Mzee Efraimu, shikamoo. Aristides ni mimi."

"Wewe ni mwanamke."

"Ndiyo, mzee. Na mwanamke wa barua ni huyu," nikamwonyesha Aminieli.

Sijui nielezeje kelele zilizofuata. Mmoja aliniuliza kama nimelewa. Mwingine aliuliza kile nilichokuwa nimekiogopa tangu Jumatano: "Kwa hiyo ninyi wawili ndio wenye mambo?" Wakati huo Shabbir, aliyekuwa amekaa nje na bahasha thelathini na nane, zangu na za Anneth alizozitunza, ndani ya boksi la nyuzi, aliingia na kofia yake mkononi.

"Shikamooni, wazee. Mimi ndiye mama mkwe."

Alieleza yote, mwanzo mpaka mwisho, akawafungulia barua moja moja. Wazee walizipokezana. Mzee Efraimu alizipindua, karibu azinuse, asiridhike. Nisingeridhika mimi pia.

"Karatasi zinatengenezwa," alisema. "Aminieli, kama ni wewe, kaa hapa uandike. Mbele yetu. Kwa mwandiko huo."

Aminieli alifuta mikono kwenye suruali. Alikaa. Aliitazama karatasi, kisha mkono ukalala kushoto, ukaanza kwenda, na uso wake ukabadilika, ukatulia. Aliandika mistari michache akaisukuma mbele. Mzee Efraimu aliisoma kwa sauti, kwa sababu hakujua kilichomo.

"Aristides mpendwa. Leo wamenikalisha benchi peke yangu na sijala tangu jana, hakuna aliyeuliza. Mume wangu amesimama ukutani. Anajua sijafanya kitu. Amejua tangu Jumatano. Kila usiku nimemsikia akijigeuza kitandani, nikadhani ananichukia, kumbe anajiogopea. Nikitoka hapa sijui nitapika nini, lakini najua nitapika."

Mzee Efraimu aliweka karatasi chini. Hakuna aliyemwambia Simaloi kwamba ameonekana hana hatia, lakini kila mtu alijua. Mzee mmoja alisema Bwana asifiwe. Nilidhani yamekwisha.

Simaloi aligeuka, akamtazama mumewe.

"Siku ile ya mafuta," alisema, "ulijua niliungua?"

Aminieli aliitazama kalamu.

"Nakuuliza, Baba Princess. Ulipouliza kama yamemwagika yote, ulikuwa umeuona mkono?"

"Niliuona."

"Na sabuni?"

"Najua."

"Na bombani, kwamba nakaa?"

"Najua, mama Princess. Yote hayo najua."

Simaloi alitikisa kichwa taratibu. Hakulia, hakupandisha sauti. "Miaka kumi na minne," alisema, "nilijua nimeolewa na mtu asiyeona. Nikajiambia haoni, ndivyo alivyoumbwa, atafanyaje. Nikakusamehe kwa hilo, kila siku, asubuhi nikiamka nakusamehe. Kumbe unaona. Unaona kuliko mtu yeyote. Unaona, halafu unakwenda kumwandikia mtu mwingine."

"Simaloi..."

"Sasa nikusamehe kwa lipi?"

Aminieli alinyoosha mkono kuchukua kalamu. Nadhani hakujua kama anafanya hivyo. Simaloi aliiondoa mezani.

"Bila hiyo. Sema wewe."

Mzee Efraimu alitazama dirishani. Aminieli alifungua mdomo mara mbili, na mara ya tatu sauti ikatoka, yake mwenyewe, mbovu, isiyo na mpangilio.

"Niliogopa. Nikisema naona, ingebidi nifanye kitu."

"Ndiyo," alisema Simaloi. "Ingebidi."

Alisimama, akaokota kitenge chake, akawaaga wazee kwa heshima zote. Kaka zake walikuwa wamekuja kumchukua mzinzi. Aliwaeleza kwa Kimaasai kwamba yeye si mzinzi, na kwamba wasubiri akafunge nguo zake na za Princess, wanakwenda Kisongo. Mmoja alishangaa, akamwuliza kwa Kiswahili, mbele yetu, kwamba kama hana kosa anaondoka kwa nini. Alimjibu kwamba hiyo ndiyo sababu.

Nilimfuata mpaka nyumbani kwake, nikamsaidia kubeba begi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilitaka ajue kwamba miaka miwili ile nilikuwa macho kwa ajili yake, kwamba nilimfuatilia mumewe mjini, nilipekua madaftari ya watu, nilimshuku mpaka yule fundi wa Ngarenaro, yote ili yeye asije akaibiwa mume. Nilikuwa nimeshaanza kusema alipoliweka begi chini.

"Dada Anande, barua zile zilikuwa ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Ukazijibu zote?"

"Zote."

"Kule ofisini Shabbir alinipa nisome mbili tatu. Unajibu vizuri. Unamwuliza huyo Anneth amelalaje. Unamwuliza kama amekula." Alijifunga kitenge vizuri kiunoni. "Mimi na wewe tumekaa benchi moja kila Jumapili, bega kwa bega. Hujawahi kuniuliza."

Gari lilikuwa linaunguruma. Princess alishapanda nyuma na mito miwili. Simaloi alibeba begi lake mwenyewe, akapanda, wakateremka kuelekea mjini, na mimi nikabaki pale uani kwake.